Hela Hii Inaitwaje

Apolinari alikuja ameoga, na Limi alipomwona pale mlangoni moyo ukamshuka.

Msichana mwingine angefurahi. Mchumba anakuja kwenu Kambarage, Shinyanga, mchana kweupe, kujieleza mbele ya mama yako na baba yako mkubwa, shati limepigwa pasi, kichwa kimenyolewa upya, harufu ya sabuni imemtangulia kama mshenga. Ungetaka nini tena? Lakini Limi hakuwa mtu wa kudanganywa na sabuni. Alikuwa ameuza dawa mwaka mzima na zaidi kule machimboni, upande wa Geita, kwenye banda la mabati la mama mmoja wa Ushirombo, na miiko ya wachimbaji aliijua kama alivyojua bei ya panado.

Mwiko mkubwa wa kule ulikuwa huu: shimo lao, ambalo wenyewe huliita duara, likishaanza kutoa, mawe yakishashika dhahabu, hakuna anayegusa sabuni. Wanasema dhahabu ni mgeni mwenye haya. Ukianza kujisugua mbele yake anaona unamfukuza. Kwa hiyo wanashinda na kulala na vumbi lao jekundu, wakicheka unaona meno tu, na anayevunja mwiko wenzake hawamruhusu tena kushuka. Na duara la kina Apolinari lilikuwa limeshika. Alikuwa amempigia simu yeye mwenyewe kumwambia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Limi, mawe yameshika. Usimwambie mtu."

Sasa huyu hapa, anang'aa kama sahani ya wageni. Ama mawe yamekata, dhahabu imekwisha, Limi akawaza, ama yeye mwenyewe ametoka. Hakukuwa na la tatu.

Apolinari alimtupia jicho mara moja tu, akaliondoa haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kisha akavua viatu, akaingia, akainama.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Baba Mkubwa Mayala kutoka kwenye kochi, na tabasamu likamchezea kwenye kidevu. "Karibu, Msumbwa. Leo umeoga. Kuna nini, Krismasi imesogezwa?"

Dorah, ndugu yake Limi, alicheka, mama yake Limi naye akaficha mdomo kwa upande wa kitenge. Apolinari alicheka nao, kwa kuwa utani wa Wasukuma na Wasumbwa hauna hasira. Limi peke yake hakucheka. Alikwenda jikoni kuleta maziwa mgando, akasimama huko kidogo, mkono umeshika ukingo wa meza.

Alikumbuka siku za banda la dawa. Apolinari alikuwa akija jioni, ananunua kitu kisicho na maana, wembe mmoja, au pipi ya kikohozi na wala hakohoi, kisha anaegemea pale dirishani bila kuondoka. Shingo yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka nyuma ya masikio. Limi alimtania kwamba kwenye shingo ile mtu angeweza kupanda viazi.

"Panda," Apolinari alimjibu. "Kumwagilia niachie mimi."

Agapiti, kaka mkubwa wa Apolinari, alikuwa amesimama nyuma yake siku hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa anamwita Limi shemeji, kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kabla hata wenyewe hawajaambiana lolote.

Na ni Agapiti huyohuyo aliyeletwa bandani kwake amebebwa kwenye turubai, mchana mmoja wa kiangazi. Jiwe lilikuwa limemwangukia pajani. Wenzake walimleta pale kwa sababu palikuwa karibu, na kwa sababu mlangoni palichorwa msalaba mwekundu. Limi alikuwa na pamba, alikuwa na bandeji, alikuwa na spiriti na vidonge vya maumivu. Alifunga bandeji moja, damu ikatokeza. Akafunga ya pili juu yake, ikatokeza. Ya tatu, ya nne. Mikono yake ilikwenda mbio na kinywa chake kilikuwa na neno moja tu, sijui, sijui, sijui. Agapiti alimtazama kwa macho yaliyoanza kuwa mbali, akasema, "Shemeji, nimekuchafulia duka." Walipompakia kwenye gari alikuwa bado anapumua. Hospitali hakufika.

Baada ya mazishi Limi aliacha kazi, akarudi Shinyanga kwa mama yake. Kule nyumbani ndipo alipoanza kusema habari ya kusoma utabibu. Alama za kidato cha nne alikuwa nazo. Baiolojia na kemia zilimkubali. Akaomba chuo, na chuo kikamkubali. Kilichobaki kilikuwa ada, na ndiyo iliyowakutanisha leo sebuleni.

Aliporudi na vikombe alikuta mazungumzo yameshaanza. Baba Mkubwa Mayala, aliyekuwa kaka wa marehemu baba yake na sasa ndiye mwenye neno katika nyumba ile, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka kijijini asubuhi, amepanda gari mbili, na kwenye mfuko amewaletea michembe, vile viazi vikavu, na kuku. Lakini mambo alipenda yapimwe kama pamba inavyopimwa, mizani wazi na watu wakiona. Ndiyo maana alimwita Dorah kutoka Kahama. Dorah alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Limi, na utabibu alikwisha kuusoma; sasa alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati ya mtu binafsi.

"Haya, mwanangu," Mayala alimwambia. "Wewe ndiye uliyekula chumvi ya chuo. Tuambie ilikuwaje, bila kutuficha."

Dorah hakuficha. Alisema miaka ni mitatu, na ada inayotangazwa ni kichwa cha ng'ombe tu. Miguu na mkia unavikuta ndani. Kuna hosteli. Kuna sare, mitihani, vifaa, nauli ya kwenda mafunzo ya vitendo kwenye hospitali ambayo hukuichagua. Kuna kula, maana mwili hausubiri cheti. Kwake yeye liliuzwa shamba la mpunga la baba yake ili afike mwaka wa pili, na wa tatu aliumalizia kwa kusuka watu nywele.

"Na baada ya hapo?" Mayala akauliza.

Baada ya hapo, Dorah alisema, unangoja ajira. Serikali ikitangaza nafasi mnajaa kama kumbikumbi. Yeye ameomba kila zilipotangazwa, na kila mara anasoma majina ya wenzake. Kwa sasa mwenye zahanati anamlipa anapojisikia, na mwezi ukiwa mbaya mama anayekaanga maandazi nje ya geti anamzidi.

"Wagonjwa wananiita daktari," alisema huku akizungusha kikombe mkononi. "Mwenye nyumba ananiita mpangaji wa chumba cha nyuma."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mayala aliegemea kochi, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Basi mizani imesema," alisema. "Ng'ombe ukimweka zizini, mwaka wa tatu ana ndama na mjukuu. Hela ukiiweka chuoni, mwaka wa tatu ina karatasi." Akamgeukia Limi, na sauti ikalegea. "Sikuonei, binti yangu. Unajua yule Mwigulu wa Kahama, mwenye mashine ya mpunga, mshenga wake amekuja mara ya pili. Ng'ombe wapo. Na unajua kaka yako Adam anangoja ng'ombe wako ndipo naye apate pa kuanzia kuoa. Tungekuwa na baba yako hapa, angekwambia hivihivi."

Mama yake Limi aliinamisha uso. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu afiwe hata hayo machache aliyapunguza.

Limi aliweka sinia chini. Hakumtazama baba yake mkubwa, wala hakumtazama Apolinari. Alimtazama Dorah.

"Dada, mtu akiletwa kwako anavuja damu pajani, damu haikatiki. Unajua pa kushika?"

Dorah aliacha kuzungusha kikombe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Najua."

"Umewahi?"

"Mara mbili. Mmoja yupo, anaendesha bodaboda."

"Hiyo mnaiweka upande gani wa mizani?" Limi aliuliza.

Upepo wa kiangazi ulipita nje, ukapiga bati la jikoni. Wiki nzima mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji bila kudondosha hata tone. Apolinari ndiye aliyesogea. Alitoa bahasha ya kaki ndani ya shati, nene, imezungushiwa mpira, akaiweka mezani mbele ya Mayala kwa mikono miwili.

"Baba, ni ada ya miaka yote mitatu. Na hosteli. Kula atajitahidi, nami nitakuwa natuma nitakachopata."

Mayala hakuigusa. Aliitazama bahasha, halafu akamtazama mwenye bahasha, kuanzia kichwa kilichonyolewa mpaka kwenye kucha zilizosuguliwa. Naye alikuwa na mpwa machimboni; mwiko wa sabuni aliujua. Utani wake wa mlangoni ukamrudia mwenyewe, na safari hii haukuwa utani.

"Mawe yamekata?"

"Hayajakata, baba."

"Sasa mbona umeoga?"

"Nimeuza sehemu yangu. Na ya marehemu kaka."

"Umeuza shimo linalotoa?"

"Ndiyo."

"Umemuuza ng'ombe huku anakamuliwa."

Apolinari alieleza taratibu, macho kwenye zulia. Mawe yakishashika si kwamba kesho yake umeshika hela. Yatolewe, yasagwe, yachenjuliwe, mwenye eneo achukue chake, mwenye duara chake, na wao wa chini wagawane kinachobaki. Inaweza kuwa Desemba, inaweza kuwa Pasaka. Chuo kinafungua mwezi ujao. Alitokea mtu mwenye hela mkononi, akamuuzia. Wenzake walimwona mwendawazimu. Walipojua ni hela ya kumpeleka mwanamke shule, walimpigia makofi ya dhihaka mpaka barabarani.

"Na wana haki," Mayala alisema polepole. "Kusomesha mchumba! Hata watoto wa shule wanauimba huo ujinga. Unampeleka msichana chuo, anarudi na shemeji yako."

"Najua, baba."

"Unajua, na umeuza."

"Nimeuza."

Limi alitaka kusimama, alitaka kusema kitu, alitaka zaidi ya yote Apolinari ainue macho amtazame. Hakuinua.

Mayala alisogea mbele ya kochi. Sasa alikuwa amekaa kama mtu anayeamua kesi.

"Sikiliza, kijana. Nimekuheshimu, nami naomba uniheshimu. Hela haiingii kwenye nyumba hii bila jina. Ukisema ni mahari, nitakwambia haitoshi. Na hata ingetosha, mwanamke aliyetolewa mahari anakwenda kwa mume. Haendi kulala hosteli. Ukisema ni mkopo, nitakataa. Siwezi kumwachia Adam deni badala ya mke. Na ukisema ni zawadi, watu watauliza ni zawadi ya nini, na hapo ndipo jina la binti yangu litachafuka. Kwa hiyo niambie mbele ya hawa. Hela hii inaitwaje?"

Mama yake Limi aliinua kichwa. "Shemeji," alimwambia Mayala kwa upole, "mwache kijana anywe kwanza maziwa." Lakini Apolinari alikwisha kuinuka. Alisimama katikati ya chumba, mikono imekutana mbele, namna watu wanavyosimama wakifika kwenye nyumba yenye turubai nje.

"Iiteni rambirambi," alisema.

Mayala alikunja uso. "Rambirambi ya nani?"

"Ya Agapiti. Alipozikwa, watu walimpa pole mama, wakanipa pole mimi, wakampa pole mpaka yule mwenye duara. Kuna mtu mmoja hakuna aliyempa pole. Ndiye aliyemshika damu ikitoka. Alirudi huku peke yake, na sisi tulikuwa tunalia kwetu, hatukumfuata." Alimeza mate. "Nimechelewa, lakini nimekuja. Sehemu ya kaka nimeiongezea yangu. Ni rambirambi ya Limi."

Kila aliyekuwa mle alilijua neno lile na uzito wake. Rambirambi hailetwi ikakataliwa, maana ni kumfukuza mtu msibani. Haihesabiwi mbele ya aliyeileta. Haidaiwi, hairudishwi, na hainunui kitu. Anayeitoa anaaga, anakwenda zake.

Baba Mkubwa Mayala, mtu wa mizani, alikosa pa kuipimia. Pengine alimkumbuka ndugu yake aliyelala kijijini, kwa sababu aliposimama alivua kofia. Aliichukua bahasha kwa mikono miwili, akampa mama yake Limi.

"Tumepokea," alisema. "Mungu ampumzishe marehemu."

"Amina," walisema wote. Limi peke yake hakusema.

Msiba mdogo ule ukapita, na hali ya kawaida ikarudi kwa mlango wa nyuma, kama ilivyo kawaida yake. Mayala alivaa kofia, akaomba maziwa, na baada ya kikombe kimoja akaanza kuwaza kwa sauti. Alisema basi mshenga wa Mwigulu ataambiwa asubiri. Na asipotaka kusubiri, aende, atakuja mwingine. Tabibu si msichana wa kidato cha nne. Ajira iwepo isiwepo, mtu akisikia anaoa daktari hataleta ng'ombe walewale, ataongeza, na Adam anaweza kusubiri kwa faida. Alikuwa hana nia mbaya. Alikuwa tu amepata mizani yake tena, na mara hii ilikuwa imelalia upande wake.

Dorah alimtazama Limi, kisha akatazama pembeni. Apolinari naye aliyasikia yote. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama vile habari ile haikumhusu, kama vile si yeye aliyetoka kununua kwa shimo zima ngazi ya kumpandisha Limi mahali ambapo mkono wake hautafika.

Aliaga mapema. Mama alimwambia Limi amsindikize mpaka njiani.

Walipita nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo na pipa la maji. Limi alisimama hapo, akamzuia kwa kumshika ncha ya shati.

"Nani amekufa, Apolinari?"

Apolinari alitazama pipa la maji.

"Nakuuliza. Umesimama mbele ya watu wa kwetu umetoa rambirambi. Mimi niko hai, wewe uko hai. Umemzika nani?"

"Usiseme hivyo."

"Ungesema mahari."

"Ningesema mahari, ungekuwa unapika kwetu Ushirombo mwezi ujao. Baba Mkubwa mwenyewe amesema."

"Ningepika."

"Na kila mtu akijikata kwa jembe ungekimbilia nyuma ya nyumba usione." Apolinari alimtazama sasa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Limi, mimi nilikuwa pale. Nilisikia neno ulilokuwa unasema huku unafunga bandeji. Usiku nalisikia mpaka leo, si sauti ya kaka, ni sauti yako. Nataka ufike mahali usiwe na haja ya kulisema tena. Basi. Hicho ndicho nilichonunua."

"Na kama sitaki kwenda?"

"Utakuwa umerudisha rambirambi. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo."

Limi alilia bila sauti, kichwa kimeinama, na Apolinari alisimama mikono ikining'inia, kwa kuwa pale Kambarage madirisha yana macho na yeye hakuwa na jina la kumshikia. Alimwambia anakwenda Nkome, kule ziwani. Kuna mtu wa kwao ana mitumbwi ya dagaa, anahitaji wavutaji. Kazi ya usiku, lakini usiku yeye halali hata hivyo.

"Utarudi?"

"Nitarudi kama nani?" Aliuliza bila uchungu, kama mtu anayetaka kweli kuambiwa. "Baba yako amekwisha kuongeza ng'ombe, umesikia. Akimaliza kuongeza, mimi nitakuwa ninavuta nyavu. Usiniahidi kitu, Limi. Mtu aliyeahidiwa anaanza kusikiliza mlango."

"Nitakupigia."

"Ziwani simu haishiki vizuri."

Uongo huo ulikuwa mdogo na wa huruma, na wote wawili waliujua. Akageuka kuondoka. Ndipo Limi alipouona. Nyuma ya sikio lake la kushoto, pale wembe ulipopita ukingoni mwa nywele, sabuni haikufika. Ulikuwa umebaki mstari wa vumbi jekundu, mwembamba kama uzi.

"Ngoja," alisema.

Alinyoosha mkono wa kulia, akapitisha vidole viwili pale taratibu, kutoka juu kushuka shingoni. Apolinari alifumba macho. Hakusogea. Kwa muda ule mfupi harufu ya sabuni ilipotea, na wakawa tena kwenye dirisha la banda la dawa, yeye na shingo yake ya viazi, na mtu fulani nyuma yao anacheka mpaka anakaa chini.

"Nini?" aliuliza.

"Hakuna. Palikuwa na kitu."

"Kimetoka?"

"Kimetoka."

Alikwenda. Limi alimtazama akipita kati ya nyumba, shati jeupe likiwa dogo, mpaka lilipokata kona kuelekea barabara ya stendi. Hakugeuka nyuma. Anayetoka msibani hageuki.

Ndani, Dorah alikuwa ameshapakua wali na kuku, na Baba Mkubwa Mayala anawasimulia jinsi mpwa wake wa machimboni alivyokaa miezi bila kuoga mpaka mkewe akamfukuza chumbani. Walicheka. Mama yake Limi alikuja na birika na beseni, akianza kwa mkubwa, akinawisha mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa mwanawe aliyekaa karibu na mlango.

"Nawa, mayu, binti yangu," alimwambia.

Limi aliutazama mkono wake wa kulia. Kwenye ncha za vidole viwili palikuwa na wekundu, kidogo sana, mtu asiyejua angedhani ni hina iliyofifia. Alikunja ngumi polepole, akauficha ule mkono kwenye mkunjo wa kitenge.

"Sina njaa, mama."

Mama alibaki ameinama, birika mkononi, maji yakidondoka tone moja moja ndani ya beseni. Alikuwa mjane, hakuhitaji kuelezwa. Akalisimamisha birika, akampita, akaenda kuketi.

Kwa Limi mawe yalikuwa yameshika.